Albamu Moja kati ya Tisa: Super Furry Animals na lugha ya nyumbani

Kundi la roki la Super Furry Animals, la Cardiff, mji mkuu wa Welisi, lilitoa albamu tisa za studio kati ya 1996 na 2009. Nane zimeimbwa karibu zote kwa Kiingereza. Moja tu, Mwng ya mwaka 2000, imeimbwa yote kwa Kiwelisi. Katika makala haya natetea maoni mawili. La kwanza ni kwamba hiyo moja haieleweki vizuri bila zile nane. La pili ni kwamba sisi tunaosoma lugha za Kiafrika katika kitivo hiki tuna sababu ya kuzisikiliza zote tisa, hata yule kati yetu asiyependa gitaa la umeme.

Pingamizi ya kwanza naijua. Tuna Kisanga, Kiluba, Kibemba na Uruund vinavyosubiri wachunguzi; Kiwelisi kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwa sababu ni mojawapo ya lugha ndogo zilizofuatiliwa kwa makini zaidi duniani. Sensa ya 1991 ilihesabu wasemaji wapatao 508,000 ndani ya Welisi, yaani asilimia 18.6 ya wakazi. Ile ya 2001 ilipata 582,000, asilimia 20.8. Mwaka 2011 walikuwa 562,000, na 2021 wakawa 538,000, asilimia 17.8. Kwa hiyo tunapouliza wimbo unaweza kuifanyia lugha kitu gani, Welisi inatupa tarakimu za kutuzuia kuota ndoto.

Kwanza tueleze neno. Roki ya kundi hili huitwa "indie", kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Leo watu hulitumia kutaja aina ya sauti: gitaa, uimbaji usio na madoido, kinanda kidogo cha umeme. Mwanzoni halikuhusu sauti. Lilihusu mwenye kampuni. Santuri ya "indie" ilikuwa ile iliyotolewa na kampuni ndogo isiyo chini ya zile kubwa za London. Kwa mwanaisimu maana hii ya zamani ndiyo yenye faida, kwa kuwa inatulazimisha kuuliza swali tunalolisahau tunapochambua matini: nani alilipia irekodiwe, na alitaka iwe katika lugha gani?

Rekodi za Super Furry Animals zinajibu swali hilo hatua kwa hatua. Santuri zao fupi mbili za 1995 zilitolewa na Ankst, kampuni iliyoanzishwa 1988 na vijana waliokuwa wanafunzi Aberystwyth, mji wa chuo kikuu kwenye pwani ya magharibi ya Welisi. Ankst ilikuwa na kazi moja: kurekodi vijana walioimba kwa Kiwelisi. Mwimbaji Gruff Rhys na mpiga ngoma Dafydd Ieuan walikuwa tayari wamerekodi huko na kundi lao la awali, Ffa Coffi Pawb, kwa lugha hiyo hiyo. Rhys alikulia Bethesda, mji wa machimbo ya mawe ya kuezekea, mahali ambapo wafanyakazi walizungumza Kiwelisi na wenye machimbo Kiingereza. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo marefu juu ya mji wa namna hiyo.

Baada ya Ankst ikaja Creation, kampuni ya London. Husimuliwa kwamba mkubwa wake, Alan McGee, aliwasikia jukwaani akawaambia wangefanya vizuri kuimba zaidi kwa Kiingereza; wakamjibu kwamba usiku ule walikuwa wameimba kwa Kiingereza. Kisa hiki hurudiwa kama kichekesho, lakini kina fonetiki ndani yake. Sikio la mtu wa mjini mkuu lilisikia lafudhi likaamua kwamba ni lugha nyingine. Wangapi kati yetu wameongea Kifaransa safi mbele ya mtu, naye akawaomba waongee Kifaransa?

Creation ilitoa Fuzzy Logic mwaka 1996, Radiator 1997 na Guerrilla 1999. Kiingereza ndicho kinachotawala humo, ingawa katikati ya Radiator umo wimbo mzima wa Kiwelisi bila tafsiri wala kuomba radhi. Halafu Creation ikafungwa. Kundi likabaki bila kampuni, likiwa na nyimbo kumi za Kiwelisi zilizorekodiwa kwa gharama ya pauni 6,000 hivi. Fedha hizo kwa roki ya Uingereza ya wakati ule zilikuwa kidogo sana. Mei 2000 wakazitoa wenyewe kupitia kampuni yao ndogo, Placid Casual. Mwng ilipanda hadi nafasi ya 11 katika orodha ya albamu za Uingereza, ikawa albamu ya kwanza ya Kiwelisi kitupu kuingia ishirini za juu. Mbunge wa chama cha Plaid Cymru, Elfyn Llwyd, aliwasilisha hoja bungeni London ya kuisifu. Mwaka uliofuata kundi lilikuwa Epic, chini ya Sony, likitoa Rings Around the World kwa Kiingereza, kwa fedha nyingi na kwa wageni maarufu akiwemo Paul McCartney.

Tupange mambo haya kwa kufuata mwenye fedha. Kampuni ya wanafunzi: Kiwelisi. Kampuni ya London: Kiingereza, na Kiwelisi pembeni. Kampuni yao wenyewe: Kiwelisi kitupu. Kampuni ya kimataifa: Kiingereza. Mpango huu hautokani na moyo wa waimbaji peke yake, maana watu ni wale wale watano tangu mwanzo hadi mwisho. Unatokana na nani anashika mlango. Mtu anayechunguza uchaguzi wa lugha katika muziki wa Kongo, akaandika kurasa mia juu ya "utambulisho" bila ukurasa mmoja juu ya studio, mtayarishaji na bei ya saa moja ya kurekodi, amechunguza nusu ya jambo.

Sasa tuingie ndani ya lugha yenyewe, maana hapo ndipo nilipopata furaha ya kwanza. Jina Mwng maana yake ni manyoya ya shingoni mwa farasi au simba. Sisi tungelisoma kama silabi zetu za "mwa" na "mwe" zilizokosa irabu. Lakini katika Kiwelisi herufi w inaweza kuwa irabu, na hapa ndiyo irabu pekee: neno hutamkwa karibu na "mung'", likiishia na sauti ile ile ya ng'ombe. Angalia pia jina la santuri yao ya kwanza ya 1995. Walichukua jina refu la kijiji cha Llanfairpwll, ambalo lilirefushwa makusudi katika karne ya 19 ili kuvuta wageni, wakaliongezea mkiani maneno yenye maana ya "katika anga za juu". Jina la kijiji lina herufi 58 kwa hesabu ya Mwingereza. Kwa hesabu ya Mwelisi zina idadi ya 51, kwa sababu kwake ll na ch ni herufi moja moja. Ni mzaha wa vijana, lakini ni mzaha unaomhitaji mtu ajue alfabeti ya nani inahesabu.

Jambo la pili ni mwanzo wa neno. Katika Mwng umo wimbo Pan Ddaw'r Wawr, yaani "Alfajiri itakapofika". Alfajiri kwa Kiwelisi ni gwawr. Likitanguliwa na kibainishi, g ya mwanzo inaanguka, linabaki wawr, kwa kuwa nomino hiyo ni ya jinsia ya kike. Kitenzi daw nacho kinakuwa ddaw kwa kusukumwa na pan. Katika wimbo ule wa Radiator, Torra Fy Ngwallt Yn Hir, neno gwallt, nywele, linakuwa ngwallt kwa sababu ya fy, yaani "yangu". Mzungumzaji wa Kiingereza akifungua kamusi hapati neno aliloliona kwenye jalada. Sisi tumezoea maisha hayo. Tunajua kwamba wingi wa ulimi ni ndimi, kwamba l imegeuka d mbele ya nazali, na kwamba mwanafunzi mgeni atatafuta "ndimi" kwenye kamusi mpaka achoke. Chanzo cha mabadiliko hayo katika lugha hizi mbili si kimoja, na sidai udugu wowote. Nasema tu kwamba mwalimu akitaka kuonyesha jinsi lugha inavyoweza kufanya kazi ya sarufi mwanzoni mwa neno, majalada ya santuri hizi yatamsaidia kuliko mifano ya kubuni.

Jambo la tatu ndilo ninalolijali zaidi: nyimbo za Mwng zinazungumzia nini? Tazama majina. Drygioni, ubaya. Ysbeidiau Heulog, vipindi vya jua, maneno ambayo mtu wa hali ya hewa huyasema redioni. Nythod Cacwn, viota vya nyigu. Dacw Hi, yule pale. Sarn Helen, jina la barabara ya Warumi wa kale inayopita Welisi. Y Teimlad, hisia, ni wimbo wa kundi la Datblygu, lililoimba kwa Kiwelisi tangu miaka ya 1980 bila kusubiri London iwasikie. Hakuna jina hata moja linalosema "tuipende lugha yetu". Kiwelisi kimetumika kusema juu ya jua, nyigu, barabara na mashaka ya usiku, kama vile lugha yoyote isiyokuwa mgonjwa.

Nadhani hilo ndilo fundisho kubwa la rekodi hizi, na ndipo ninapotofautiana na wengi wanaozungumza kwa niaba ya lugha zetu. Siku ya sherehe tunaimba wimbo wa Kiluba unaosifu Kiluba. Tunakariri shairi la Kiswahili linalosifu Kiswahili. Lugha inayosemwa ili kujisifu tu imeshaanza kuwekwa kabatini. Dalili ya uzima ni mtu kuitumia kumlalamikia mwenye nyumba, kueleza bei ya makala, kutongoza na kusema upuuzi. Super Furry Animals walirekodi upuuzi mwingi kwa Kiwelisi, na nauhesabu kuwa huduma kwa lugha hiyo.

Pingamizi ya pili ni nzito. Kama lugha ilikuwa muhimu, kwa nini albamu nane kwa Kiingereza? Suala hilo liliwagawa watu Welisi kwenyewe. Tamasha kubwa la taifa, Eisteddfod, lina kanuni ya Kiwelisi peke yake, na wapo walioona kwamba kundi linaloimba kwa Kiingereza limehama nyumba. Mmoja wa nyimbo za Mwng unaitwa Ymaelodi â'r Ymylon, maana yake ni "kujiandikisha uanachama wa pembeni". Jina hilo linatosha kutuambia kwamba waliosukumwa pembeni walilisikia msukumo huo.

Naelewa hofu ya wenye kanuni. Lugha yenye wasemaji nusu milioni karibu na lugha yenye mamia ya milioni inahitaji vyumba ambamo kubwa haiingii. Bila ukali huo kusingekuwa na redio ya Kiwelisi, Radio Cymru, mwaka 1977, wala televisheni ya S4C mwaka 1982, ambayo ilipatikana baada ya mwanasiasa Gwynfor Evans kutishia kugoma kula. Lakini msemaji wa lugha ndogo ni mtu wa lugha mbili. Anaota kwa moja, ananunua kwa nyingine, anagombana kwa zote. Rekodi zinazoonyesha upande mmoja tu wa mtu huyo zimemkata. Ndiyo maana nasema Mwng haieleweki bila zile nane. Ikisikilizwa peke yake ni bendera. Ikisikilizwa kati ya Guerrilla na Rings Around the World, ni kazi ya watu walioweza kuchagua, na waliporudi nyumbani hawakujifanya kwamba hawajawahi kutoka. Hata mwisho wa safari, katika Dark Days/Light Years ya 2009, wimbo wa Kiwelisi Lliwiau Llachar upo pamoja na nyimbo za Kiingereza, na humo umo pia wimbo wenye maneno ya Kijerumani. Rhys naye akiwa peke yake amerudi kwenye Kiwelisi mara kwa mara. Albamu yake ya 2019, Pang!, ilitayarishwa na Muzi wa Afrika Kusini, na ndani yake mna Kizulu kidogo.

Lakini tusipite kiasi. Idadi ya wasemaji ya 2021 ni ndogo kuliko ya 2001, yaani kuliko ile iliyohesabiwa mwaka mmoja tu baada ya Mwng kuuzwa. Wimbo haumfundishi mtoto kusoma. Kinachobeba Kiwelisi ni shule, sheria, televisheni na wazazi. Kazi ya santuri ni ndogo na bado ni ya lazima: humpa kijana wa miaka kumi na sita sababu ya kutoona aibu kwa lugha ambayo shule imeshamfundisha. Shule bila aina hiyo ya furaha hutoa watu wanaofaulu mtihani wa lugha kisha wanainyamazia.

Sasa nigeuze macho kwetu, kwa kuwa kulinganisha kuna mtego. Ni rahisi kwa mwanafunzi wa Lubumbashi kusema: Kiswahili chetu ni Kiwelisi, Kifaransa ni Kiingereza. Ulinganisho huo una ukweli. Kiswahili cha Katanga kimeimbwa na kurekodiwa tangu zamani: mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco akiwa na gitaa lake huko Jadotville, Likasi ya leo, na rekodi zile zilisikilizwa mbali kuliko kazi nyingi zilizoandikwa hapa. Ndani ya muziki wa mji huu kuna "batu" na "bintu", kuna "katoto" na "tutoto", kuna "njo" inayofanya kazi ambayo vitabu vya Dar es Salaam havijaieleza. Bado nasikia maumbo hayo yakiitwa makosa, na watu waliofunzwa kutofautisha kosa na lahaja.

Lakini ukimuuliza msemaji wa Kisanga au Kilamba, atakuambia kwamba Kiingereza chake ni Kiswahili. Sisi ndio London yake. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai, na kwa lugha nyingine za nchi inaahidi ulinzi. Ulinzi huo hauna Radio Cymru yake. Kijana wa Kisanga anayetaka kurekodi wimbo mjini humu ataambiwa, kwa upole, aimbe kwa lugha ya wengi. Atakayemwambia hivyo anaweza kuwa mmoja wetu, na atakuwa anamwambia jambo lile lile McGee alilowaambia vijana wa Cardiff.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kitivo chetu, na nawaomba walimu wayajibu katika kurasa hizi. Kwanza, rekodi za sauti zikubaliwe kuwa data kamili katika kazi za kumaliza masomo, pamoja na unukuzi wake, bila mwanafunzi kulazimika kuzifunika kwa methali na ngano ili zionekane za heshima. Pili, kila unukuzi uambatane na maelezo ya uzalishaji: nani alirekodi, wapi, kwa fedha za nani, na lugha gani ilikataliwa mlangoni. Tatu, tuanze kukusanya. Nyimbo nyingi za lugha ndogo za jimbo hili zinaishi ndani ya kadi za simu; zinahamishwa kutoka simu hadi simu, na simu ikiibwa au kadi ikiharibika zinakwenda nazo. Kompyuta moja, diski mbili za kuhifadhia na daftari la kuandika majina ya waimbaji na ruhusa zao vinatosha kuanzia.

Ankst ilianzishwa na wanafunzi wa rika letu, katika mji mdogo kuliko Kipushi, kwa lugha iliyokuwa ikipoteza wasemaji. Hawakungoja lugha ipone ndipo wairekodi. Leo mtu yeyote anayetaka kujua vijana wa Kiwelisi wa 1988 walitamkaje, walichanganyaje na walicheka nini, ana mahali pa kwenda kusikiliza. Anayetaka kujua hivyo juu ya vijana wa Kisanga wa mwaka huu atatuuliza sisi, na itabidi tuwe na kitu cha kumpa.